Mti wa Jovan Juu ya Meko

Busia, nyuma ya soko la Sofia
3 Juni 2025

Kwa Baba Ilukor,

Nakusalimu Baba, na wote wa nyumbani Petta. Sisi huku tuko, mtoto ni mzima, anakula na kuuliza maswali. Salamu ndefu sitaandika, maana najua hutazisoma.

Ritah, huyu anayeleta dagaa wa mukene kwenye soko lenu, ndiye aliyenipa habari. Ameniambia tarehe 23 Agosti ni matanga ya mwisho ya Allan. Hapo nilishukuru, maana mume wangu amelala tangu Januari na kilio chake hakijafungwa. Lakini Ritah akaongeza neno lingine. Anasema umetangaza kwamba Allan ataombolezwa kama mtu aliyekufa bila mtoto. Kwamba siku ile hakuna atakayesimama na upinde.

Baba, Jovan yuko. Ana miaka minne na masikio ya Allan, yale yaliyochomoza.

Kumbuka siku Allan aliponileta kwako mara ya kwanza. Wewe mwenyewe ulinionyesha uchaga ulio juu ya meko ya mama mkwe, Mungu amweke pema, ukaniambia: "Kwetu hapa mtoto hazaliwi peke yake, anazaliwa na mti." Ukanieleza kwamba wewe ni fundi wa pinde, na baba yako alikuwa fundi wa pinde, na kwenu baba akipata mtoto hukata mti wa upinde akauweka juu ya meko ya mama wa mtoto, ukae kwenye moshi ukomae. Na siku baba akifa, mtoto husimama mbele ya watu na upinde wa mti ule, na hapo jina la baba linabaki. Asiye na mti si wa kwenu. Ulisema hivyo, mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nakumbuka mpaka kile kikombe.

Basi mti wa Jovan upo. Uko juu ya meko yangu, hapa ninapoandika nauona. Allan aliuleta Machi 2021, Jovan akiwa hajamaliza wiki mbili duniani, nami bado natembea kwa kushika ukuta.

Sikuombi shamba wala ng'ombe. Nakuomba jina la mtoto lisomwe.

Mimi mkweo,
Dorcas, Mama Jovan


Petta
7 Juni 2025

Binti wa Mugeni,

Sina mkwe Busia. Nilikuwa na mwana aliyekwenda kuishi nyuma ya soko na mwanamke wa kukaanga kabalagala, mandazi ya ndizi, na mwana huyo nimemzika. Yamekwisha.

Fanya hesabu kwa vidole ikiwa shule haikukufikisha mbali. Mtoto wako amezaliwa Machi. Rudi nyuma miezi tisa, unafika Juni ya mwaka 2020. Juni hiyo Allan alikuwa Tiira, ndani ya mashimo ya dhahabu, kaniachia kazi ya pinde mimi mzee peke yangu. Mtu aliye shimoni anapataje mtoto sokoni? Nieleze.

Na unasema mti. Mti gani? Upinde wetu unatoka kwa mkole, na mkole ninao mimi. Baba yangu aliupanda nyuma ya ghala, ukatoa mashina matatu. Allan sikumpa hata tawi. Shina moja liliibwa mwaka huohuo aliozaliwa mtoto wako, Jumapili nikiwa kanisani, na mwizi namjua, ni jirani yangu Emoit. Alionekana asubuhi ile na panga mkononi. Miaka minne sijamsalimia, na nikifa asije akanitupia udongo. Kwa hiyo hicho ulichonacho juu ya meko ni kuni.

Ukitaka nikuamini, ulete huo mti niushike. Na usinipigie simu kama ulivyofanya wiki jana, ukanifanya nipige kelele uani kama mwendawazimu. Masikio yangu yalikufa kabla yangu. Macho bado. Andika, au nyamaza. Kunyamaza ni bora.

Ilukor


Busia
12 Juni 2025

Kwa Baba,

Tiira na hapa ni safari ya boda moja tu. Allan alikuja kila Jumamosi, ana matope mpaka kwenye nyusi, anaoga, analala, Jumatatu anarudi. Hesabu yangu ya vidole ndiyo hiyo.

Kukuletea mti wote, hapana. Nisamehe, Baba, lakini nakujua. Siku ya mazishi ulinitoa kwenye mkeka mbele ya wanawake wote, Jovan akiwa mgongoni. Mtu aliyeweza hilo anashindwaje kuvunja kijiti gotini na kukitia jikoni? Mimi nitabaki na nini mkononi? Nitawaonyesha watu majivu?

Nimefanya hivi. Nimeuteremsha, nimekwangua kidogo kwa kisu cha Allan, kile cha mishikio miwili, na maranda yake nimeyafunga kwenye kavera, kijifuko cha plastiki, ndani ya barua hii. Wewe ni fundi. Watu wanasema ukinusa mti unaujua mpaka mwaka uliokatwa. Basi nusa.

Jovan amenisaidia kuokota maranda. Ameuliza yanaenda wapi. Nimemwambia kwa babu. Akauliza, "Babu anakula miti?"

Dorcas


Petta
19 Juni 2025

Binti wa Mugeni,

Mwambie mtoto wako ndiyo, nakula miti. Maranda yako nimeyatazama juani, nimeyanusa, nimeyatafuna. Miaka hamsini natafuna mti.

Mti uliokomaa kwa miaka una rangi ya chai ya maziwa mengi, na rangi hiyo ni moja nje mpaka ndani. Kinywani hauna ladha, ni kama kutafuna ukurasa wa kitabu. Haya ya kwako ni ya kahawia kama chapati iliyosahauliwa, na ulimini yana utamu wa mahindi ya kuchoma. Huo si umri, mwanamke. Huo ni moto. Umechukua mti mbichi baada ya mazishi, ukaubanika kwenye meko yako ya biashara ili uonekane mzee, ukadhani Ilukor naye amezeeka akili.

Nikufundishe, maana hata mwongo afadhali ajue kazi. Miaka na moto ni vitu viwili. Miaka huyatoa maji kwenye mti polepole, mti wenyewe bila kujua. Moto haufanyi kazi ya miaka. Ukiuweka mti mbichi juu ya makaa, maji ya ndani hutafuta njia, mti unalia, unatoa povu kwenye ncha, kisha unapasuka kwa urefu. Nyufa zake ni nyembamba kama unywele, huzioni mpaka siku upinde ukuvunjikie usoni. Walinzi wa usiku wa ng'ambo ya mpaka hununua takataka kama hizo sokoni, kisha wanakuja kwangu na bandeji.

Moto unakuja mwisho. Kwanza miaka mitatu au zaidi ya moshi na kivuli. Halafu ndipo mti uliokwisha kukauka na kuchongwa unapewa makaa, tena upande wa tumbo tu, ule unaomtazama mpigaji, ili uwe mgumu, usibonyee anapovuta. Mgongo wake, upande wa nje uliokuwa chini ya gamba, haugusi moto wala kisu. Ukiukata mgongo, umeua upinde. Hilo Allan alilijua akiwa na miaka saba. Wewe hujui, ndiyo maana umechoma kama mtu anayechoma muhogo.

Tarehe 23 Agosti usije. Ukija, wanawake wa ukoo watakusindikiza mpaka barabarani, na hawatakubebea mtoto.

Ilukor


Busia
26 Juni 2025

Mzee Ilukor,

Barua nimeipata. Nimeuteremsha mti tena nikautazama. Ni kweli, ni wa kahawia, na nilipouweka ulimini ulikuwa na utamu ule uliousema.

Mimi sikuuchoma. Ninakumbuka Allan akiwa na makaa, lakini alikuwa mgonjwa sana siku hizo, na mgonjwa hufanya mambo. Labda aliona siku zake zimeisha akatafuta mti wowote. Labda ule wa mwanzo aliutupa, akaweka mwingine mahali pake, nami sikutazama juu. Mtu hatazami juu ya meko yake kila siku.

Usifurahi. Nimeandika hivi kwa sababu mimi si mwongo.

Dorcas


Petta
3 Julai 2025

Binti wa Mugeni,

Umeanza kusema kweli, ni vizuri, ingawa umechelewa. Sasa rudisha kisu. Hicho cha mishikio miwili ni changu, nilikipata kwa baba yangu, Allan alikichukua bila kuaga. Sitaki kitumike kumenyea ndizi.

Mtoto mlee kwa jina la baba yako. Mugeni ni jina zuri tu.

Ilukor


Busia
15 Julai 2025

Kwa Baba Ilukor,

Leo utanisoma mpaka mwisho, hata kama itakubidi ukae chini.

Barua yako ya tarehe 19 Juni nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Wiki ya kwanza niliisoma nikilia. Wiki ya pili niliisoma nikiwa na hasira. Wiki hii ndipo nimeisoma kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa. Mimi nilikomea darasa la saba, ni kweli, lakini kusoma polepole najua.

Umeandika kwamba moto unawekwa upande wa tumbo. Umeandika kwamba mgongo hauguswi na kisu, ukiguswa upinde umekufa. Sasa nikuulize wewe fundi: nilipotaka kukukwangulia maranda, ulidhani nilikwangua wapi? Mgongoni? Niuue mti wa mwanangu ili wewe utafune? Nilikwangua tumboni, Baba. Allan alikuwa amenionya hata kucha yangu isipite mgongoni. Kwa hiyo nimekupelekea ule upande uliobanikwa, nawe umeutafuna ukaona moto, ukasema mti wote ni uongo. Kosa ni langu kwa kutokuambia. Na ni lako kwa kudhani sijui lolote.

Nikwambie jinsi ulivyobanikwa, maana nilikuwepo.

Ilikuwa Desemba. Macho yake yalikuwa ya njano kama embe. Waganga wa hospitali walishasema ini. Asubuhi akaniambia, "Mama Jovan, nishushie ule mti." Nikamwambia lala. Akasema, "Nishushie, umeshakauka, umebaki moto tu." Wiki nzima alikuwa amekaa mlangoni akiuchonga, anapumzika, anachonga. Siku hiyo akachimba mfereji mdogo uani, mimi nikamimina makaa. Akauweka tumbo chini, juu ya matofali, mkono mmoja kutoka makaani, na mgongo ukitazama juu. Hakuruhusu moto uwake. Akiona mwali anaumwagia majivu. Anakaa sehemu moja anahesabu taratibu, kisha anasogeza makaa kidogo. Mimi nikamwambia afadhali ningekuokea wewe ndizi ule. Akasema, "Baba angeniona ninavyoharakisha angenipiga na huu huu mti." Hivyo alisema, jina lako likiwa kinywani mwake.

Harufu ikatoka ya mahindi ya kuchoma. Jovan akaja mbio akitaka hindi. Tukamwambia hakuna hindi, ni mti. Akalia kwa hasira, anasema tunamficha. Allan alicheka mpaka akakohoa. Huo utamu uliouonja ulimini, Baba, mwanao alishaucheka.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulielewa. Mti ulipopoa, aliomba pamba. Nikachomoa kidogo kwenye mto. Akaipitisha juu ya tumbo la ule mti kutoka ncha moja mpaka nyingine, pole pole, akaniambia, "Umeona? Haijanasa popote." Nami nikasema nimeona, kumbe sikuona kitu. Akaurudisha kwenye uchaga, akasema upumzike mwezi mzima unywe hewa kabla haujapindwa. Huo mwezi hakuumaliza.

Sasa sikiliza. Wewe mwenyewe umeandika, nao ni mwandiko wako, kwamba mti mbichi ukibanikwa unapasuka nyufa kama unywele. Jana nimechukua pamba. Nimeipitisha mara tatu. Nimemwita na Ritah aipitishe, yeye hana upande. Haikunasa popote, hakuna uzi hata mmoja uliobaki. Mti huu ulitiwa makaani Desemba bila kupasuka. Basi Desemba ulikuwa mkavu. Basi ulishakaa miaka mitatu au zaidi kwenye moshi, kwa maneno yako, si yangu. Hesabu kwa vidole, Baba, unafika 2021, mwaka wa Jovan.

Mimi nilimtilia Allan shaka kwa sababu yako. Hilo nitakaa nalo muda mrefu.

Nimekataa kuwa na woga. Mti wote umekuja na barua hii, Ritah ameubeba. Umefungwa ndani ya shuka aliyobebewa Jovan alipokuwa mchanga. Tazama mgongo, ni rangi ya chai ya maziwa, kama ulivyosema. Gonga usikie; au mwambie mtu mwenye masikio akusikilizie, unalia vizuri. Ncha zote Allan alizipaka nta. Chini, kwenye ncha moja, kuna mstari wa doa jeusi la bluu, kama wino uliomwagika ndani ya mti. Si moshi huo. Nimeusugua kwa mchanga hautoki. Sijui ni ugonjwa, lakini sitaki useme nimekuficha kitu.

Sasa huna cha kuniuliza tena. Na mimi sina kingine cha kukuonyesha.

Dorcas


Busia
5 Agosti 2025

Mzee Ilukor,

Wiki tatu. Ritah amepita sokoni kwenu mara tatu, mara tatu amerudi na kikapu bila karatasi.

Wiki iliyopita ameona moshi unatoka kwenye kibanda chako cha kazi, mwingi, mchana kutwa. Amenieleza akitazama chini. Nikajua anachofikiri.

Kama umeuchoma, uniambie kwa mwandiko wako. Usinitumie Provia binti yako aje kunizungusha maneno. Niambie ulichukua muda gani kuisha, maana mti mkavu hauchukui muda. Na majivu usiyatupe. Nitakuja tarehe 23 kuyachukua, nitampaka Jovan kwenye paji la uso mbele ya wanawake wako wote, nao wanisindikize mpaka barabarani wakitaka. Barabara naijua.

Nilikuita Baba kwa sababu wangu alikufa nikiwa mdogo nikafurahi kupata mwingine. Nimekoma.

Dorcas Mugeni


Petta
9 Agosti 2025

Mama Jovan,

Hujachomewa kitu. Moshi aliouona yule mwanamke wa mukene ni wa kuni za sufuria. Mti ulikuwa umejipinda kidogo kwenye ncha ya chini, nikauweka kwenye mvuke mpaka ukalegea, nikaunyoosha. Kazi ya Allan hiyo. Siku zote aliharakisha ncha ya chini. Sasa unapumzika, usiniharakishe na wewe.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na mahali pa kwenda kwanza, na miguu ilikataa.

Ulipoleta mti nilifungua shuka ile nikatazama doa kabla ya kutazama kingine. Nikaenda nyuma ya ghala. Lile shina lililokatwa, kisiki chake bado kipo. Zamani, Allan akiwa mdogo, nilipigilia msumari pale wa kutundikia redio. Chuma kikikaa ndani ya mkole kinaushikisha rangi, doa linapanda na nyuzi za mti kwenda juu, jeusi la bluu. Msumari umebaki kwenye kisiki. Nimeiweka ncha ya mti wako juu yake. Doa limeunganika. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma kichwa.

Sasa lile ambalo sikukuandikia. Nilisema Allan hakupewa hata tawi. Ni kweli hakupewa. Lakini aliomba. Alikuja Machi ile kwa boda, akapiga magoti hapa hapa, akasema, "Baba, nimepata mvulana, nipe shina moja." Nikamwambia mkole wa baba yangu haukatwi kwa mtoto wa sokoni. Akainuka akafuta magoti, akaenda. Jumapili iliyofuata shina likaondoka. Nami nikachagua kuona panga la Emoit ili nisione la mwanangu.

Alhamisi nimekwenda kwa Emoit. Aliniacha nisimame uani muda mrefu, anamenya mihogo, hanitazami. Kisha akaniambia sikioni kwamba Jumapili ile alikuwa anakata ua wake, akamwona Allan anapita na shina begani, na hakusema, maana hakutaka kumgombanisha mtu na baba yake. Miaka minne namwita mwizi kila penye pombe, naye amefunga kinywa kwa ajili ya mwanangu. Kisha akapaza sauti ili nisikie: "Miaka minne, Ilukor! Hata mti ungekuwa umekauka!" Nikamwambia umekauka.

Msamaha sikuombi kwenye karatasi. Nitauomba mbele ya watu, mara moja tu, na usinikatishe nikiwa nasema, maana sitasikia, nitaendelea.

Mpitishe mtoto kwenye njia ya ghala, si ya barabarani. Nataka aone kisiki kabla hajaona watu.

Jambo la mwisho ni la kazi, nijibu upesi. Mti huu ni wa urefu wa mwanamume. Naweza kuukata kwa kimo cha mtoto, siku ile auvute mwenyewe watu waone. Au niuache mzima, asimame nao tu, auvute akifika miaka kumi na minane. Ukikatwa haurudi. Hilo haliamuliwi na babu, kwetu huamua baba wa mtoto. Hayupo. Amua wewe.

Na pamba yako nimeipitisha hata mimi. Haikunasa.

Ilukor


Busia
13 Agosti 2025

Kwa Baba,

Barua nimeisoma nimesimama, mandazi yakaungua, wateja wakanitukana.

Hasira yangu haijaisha, nisikudanganye. Ningekuwa mti, ningesema bado nina maji ndani. Ulimwona amepiga magoti ukamwacha afute mwenyewe. Nitakuja, nitakupigia magoti kama mke wa mwanao anavyopaswa, na ukisema maneno yako sitakukatisha. Lakini unipe muda wangu kwenye moshi, kama unavyoipa miti.

Usiukate. Mti umemngoja Jovan miaka minne, naye ataungoja. Siku ile asimame nao tu, umpite kichwa, watu waone ulivyo mrefu kuliko yeye. Nimemweleza kwamba Babu anamtengenezea upinde wa mti ule wa mahindi. Amesema basi safari hii apewe hindi kweli. Tafadhali uwe nalo.

Emoit naomba akae mbele.

Kisu hakirudi, Baba. Mgongo hautaguswa, tumbo nalijua, na Jovan atahitaji mtu wa kumwonyesha.

Mimi,
Mama Jovan